Filamu Nyeusi Kwenye Msumari

Akoth ameniomba niwaandikie ninyi wa studio kurasa mbili tatu za namna ya kufunga mzigo wa kamera kabla hamjakwenda kazini Usenge, kule kando ya ziwa. "Madam, andika tu vile ulikuwa unafanya, sisi tutafuata," aliniambia. Nimestaafu wiki sita tu na tayari nimekuwa mtu wa kuombwa mawaidha. Nimekubali. Lakini siwezi kuandika vile nilivyokuwa nikifanya siku zote bila kuandika vile nilivyofanya siku moja, na siku hiyo ninaionea aibu mpaka leo. Kwa hiyo nivumilieni. Mambo ya mzigo mtayapata, ila mtayapata pamoja na mengine ambayo hamkuyaomba.

Nianze na Mzee Barasa, maana ninyi mnamjua kwa jina tu, na mnalijua vibaya. Filamu ile nyeusi inayoning'inia kwenye msumari kando ya mlango wa stoo mliikuta pale. Mtu akisahau kuchaji betri au akipiga picha na mfuniko wa lenzi haujatoka, mnamwambia, "Usifanye ya Barasa," kisha mnacheka. Nimecheka na ninyi mara nyingi. Hilo nalo mlikumbuke mkifika mwisho.

Stoo hiyo ndiyo iliyokuwa chumba cha giza, na studio ilikuwa yake. Alikuwa amekuja Kisumu kijana kutoka upande wa Kakamega, akajifunza kazi, akabaki. Alikuwa mtu mfupi, mwenye kofia ya kahawia ambayo hakuivua hata akiwa gizani na dawa zake. Siku yangu ya kwanza nilitoka kwetu Manyatta kwa miguu nikiwa nimevaa viatu vya kanisani, kwa sababu nilidhani nitapewa kamera. Nilipewa ndoo. Kazi yangu ilikuwa kusuuza picha zikitoka kwenye dawa na kuzibana kwenye kamba. Mikono yangu ilinuka siki miezi mitatu. Mama yangu aliniuliza kama nimeajiriwa hotelini kukata kachumbari.

Baada ya mwaka hivi alianza kunichukua nje: mazishi ya Jumamosi, harusi, picha za shule. Hapo ndipo nilipojifunza kufunga mzigo. Alitandika shuka jeupe juu ya meza, akapanga kila kitu kwa jinsi kitakavyotumika, kisha akakuita ukasimama mbele ya meza kama mtoto wa darasa la kwanza.

"Hii ni ya nini?"

"Ni betri za flashi, Mzee."

"Na hii?"

"Hiyo nilifikiri tunaweza kuihitaji."

"Ukifikiri, inabaki."

Filamu zilikaa ndani ya kopo la maziwa ya unga. Chini aliweka wali mkavu viganja viwili, juu yake kitambaa, halafu filamu. Unyevu wa ziwa unaingia kila mahali, na mchele unaunywa kabla haujafika kwenye filamu. (Nimeandika wali mkavu, mama yake alikuwa akiuita hivyo, naye akarithi, nami nikarithi. Ni mchele tu.) Kopo ndilo lililokuwa la kwanza kuwekwa kwenye shuka na la mwisho kuingia kwenye mkoba, ili liwe juu. Vingine vyote vilipewa nafasi iliyobaki.

Idadi ya filamu hakuipata kwa kukisia. Mazishi ya kwetu mnayajua: picha za kando ya jeneza hupigwa kwa makundi, na msema chochote, mwendesha shughuli, anaita kundi kwa kundi. Mzee Barasa alikuwa anauliza mapema. Marehemu alikuwa na wake wangapi? Watoto? Wakwe wanatoka wapi? Kwaya ni moja au mbili? Alifanya kazi wapi? Akishapata makundi anaongeza nusu yake, kwa ajili ya watu ambao hakuna aliyekumbuka kuwataja. Hao wa mwisho, alisema, ndio huwa wanaihitaji picha kuliko wote.

Sasa nieleze flashi tupu, maana ninyi wa kamera za kadi hamjawahi kuihitaji. Filamu ilikuwa na picha thelathini na sita, basi. Kwenye mazishi ya watu mia tano kila mtu anataka kupigwa. Wapiga picha wengi wa mji huu walikuwa na dawa ya jambo hilo: filamu ikiisha, unaendelea kuinua kamera, unabonyeza, taa inawaka, watu wanafurahi, wanaondoka. Picha haipo. Ukiulizwa baadaye unasema imeungua. Ilikuwa kama mzaha wa kazini, na hata baadhi ya wakubwa walikuwa wanausimulia wakinywa chai. Mzee Barasa hakuucheka. Aliniambia mara moja tu, na kwake mara moja ilitosha: "Pamela, mtu ukimwambia sina filamu, atakasirika na atarudi nyumbani. Mtu akipigwa flashi tupu atakaa akingoja. Usiwahi kumfanyia mtu hivyo."

Nilimwambia sitafanya.

Kisha ikaja ile safari ya Usenge. Mwalimu mkuu mmoja mstaafu alikuwa amefariki, na mwanawe aliyekuwa akifanya kazi Nairobi alitaka kila kitu kipigwe. Mzee Barasa alikuwa na harusi Mamboleo Jumamosi hiyo hiyo. "Nenda wewe. Panga mzigo mwenyewe, wewe si mtoto tena," akaniambia. Nilifurahi kupita kiasi. Wakati huo nilikuwa nimenunua lenzi ndefu ya mkono wa pili kutoka kwa mgeni aliyekuwa anarudi kwao, na kulikuwa na wachapaji waliokuwa wanatafuta picha za ziwa kwa ajili ya kalenda. Nilikuwa nimeshajiona ukutani, nyumba kwa nyumba.

Ijumaa asubuhi nilifunga mzigo nyumbani kwangu Manyatta. Sikutandika shuka. Lenzi ile ilikuwa nene, na mkoba ulikuwa mmoja. Nilijaribu hivi, nikajaribu vile. Mwisho nikatoa kopo. Nilichukua filamu nne, nikazitia kwenye mfuko wa pembeni, na kopo lenye filamu nyingine nne nikaliacha mezani kando ya redio. Sikusahau. Ningependa kuwaandikia kwamba nilisahau, kwa sababu kusahau ni kosa la mtu yeyote. Nilisimama, nikaliangalia lile kopo, nikasema moyoni nne zinatosha.

Jumamosi, kabla ya ibada, nilishuka ufukweni. Omena, wale dagaa wa ziwani, walikuwa wameanikwa juu ya nyavu mchanga mzima unang'aa, wanawake wanawageuza kwa mikono, na ndege wale weupe, yangeyange, wamesimama kwenye kingo za mashua wakingoja mtu azubae. Nilipiga mmoja, nikapiga kumi. Filamu nzima iliishia pale. Nilipopanda kurudi bomani kwa marehemu nilikuwa na filamu tatu na nilijua makundi si machache. Hata hapo ningeweza kujibana. Lakini niliringa na lenzi yangu, nikipiga makasisi kwa mbali, nikipiga nyuso za waombolezaji, vitu ambavyo hakuna aliyeviomba.

Filamu ya tatu iliisha wakati wakwe wanaondoka kando ya jeneza. Niliirudisha, nikaitoa kwenye kamera, nikafunga. Hapo wakaja wanawake wawili wazee, wameshikana mikono, na kijana mmoja wa familia akiwaongoza.

"Madam, hawa ni dada za marehemu," kijana akasema. "Huyu ni Dorsila, anakaa hapa Usenge. Huyu ni Yunia, aliolewa ng'ambo, Uganda. Kesho asubuhi anarudi na boti."

Dorsila alinishika mkono. "Nyathina, mwanangu, sisi bado. Tangu huyu aolewe hatujawahi simama pamoja kwa picha. Hata moja. Tupige na ndugu yetu hapa."

Nilikuwa na maneno mawili tu ya kusema: filamu imeisha. Lakini yule mwana wa marehemu alikuwa amesimama hatua chache pale, na angeuliza imeishaje, na jibu lilikuwa kule ufukweni kwa ndege. Nikainua kamera.

Na niliwapanga, ndicho kinachoniuma. Ningebonyeza mara moja nikaachana nao. Mimi nikawapanga vizuri, kama ninavyowafundisha ninyi. Nilimwambia Yunia asogee asimfunike marehemu. Dorsila aliomba ngoja kidogo, akafungua kitambaa cha kichwa, akakifunga upya, halafu akamrekebishia na dada yake. Akaweka mkono begani kwake. Flashi ikawaka mara tatu. Ilikuwa picha nzuri kuliko zote za siku ile, na hakuna aliyewahi kuiona isipokuwa mimi.

"Erokamano, asante, nyathina. Itatoka lini?"

"Wiki mbili, mama. Uje mjini studio."

Kijana alitaka niandike majina ili picha zisipotee, kwa hiyo nikaandika kwenye daftari mbele ya macho yake: Dorsila na Yunia, filamu ya nne.

Jumapili mchana nilikuwa nyumbani, daftari liko mbele yangu, kopo liko kando ya redio pale pale. Mzee Barasa hakuosha filamu bila kusoma daftari kwanza. Angetafuta ya nne. Filamu nilizobeba zilikuwa nne kweli, lakini moja ilikuwa imejaa ndege. Nikachukua filamu mpya kutoka kwenye kopo, nikasimama dirishani, nikaivuta yote nje kwenye jua, kisha nikaizungusha kwa vidole mpaka ikarudi ndani. Hata dakika tano hazikuisha. Ile ya ndege nikaificha chini ya nguo.

Jumatatu Mzee Barasa aliingia na filamu zangu nne kwenye chumba cha giza. Alipotoka, tatu zilikuwa kwenye kamba na moja ameishika mkononi inadondosha maji. Aliipeleka kwenye mwanga wa dirisha, akaipitisha kutoka mwanzo hadi mwisho. Nyeusi tupu.

"Pamela, njoo uone. Hii mwanga imeingia. Si kwa kamera, kwa kamera ingeingia nusu-nusu. Hii imeingia yote." Akaishusha. "Hii ni mimi."

"Labda filamu ilikuwa mbovu, Mzee," nikasema.

"Hapana. Ngoja."

Akaenda kwenye pazia la mlango, akapitisha mkono pembeni, akapata mwanya. Kidole kilipita. "Ona. Ni hapa. Nimezeeka, sikuangalia."

Mwanya ule ulikuwa pale tangu siku yangu ya ndoo. Haukuwahi kuharibu hata picha moja. Nilijua, na nadhani kama angekaa akafikiri angejua pia, lakini mtu mwaminifu akitafuta kosa huanza kujitafuta yeye mwenyewe. Nilikuwa na muda wa kutosha wa kusema. Nilichosema ni, "Pole, Mzee."

Wiki mbili zikaisha, Dorsila akaja. Alikuwa amevaa sare yake ya kanisa na amebeba omena kwenye gazeti, zawadi ya watu wa studio. Nilijifanya nakata picha. Mzee Barasa ndiye aliyetoka, na kwa mara ya kwanza nikamwona amevua kofia.

"Mama, picha yako imeharibika. Ni mimi nimeharibu, si huyu msichana. Yeye alipiga vizuri. Unisamehe."

Dorsila aliniangalia, akamwangalia yeye. "Sasa utafanya nini, Mzee? Ni bahati mbaya. Yunia anakuja Krismasi. Tutapiga tena."

"Akija tu, nitumie neno. Nitakuja mwenyewe na kamera mpaka kwako."

Alipoondoka, Mzee Barasa aliandika jambo hilo kwenye karatasi akalibandika juu ya meza yake. Omena tulikula. Nilikula na mimi.

Yunia hakufika Krismasi. Aliugua huko ng'ambo, akazikwa huko huko, na Dorsila alipata habari baada ya siku nyingi. Alikuja studio mwezi uliofuata bila kubeba kitu. Aliketi kwenye benchi la wateja mpaka chai aliyopewa ikapoa.

"Mzee, ile picha nyeusi mlitupa?"

"Sijatupa, mama."

"Nipe hiyo."

"Mama, hakuna kitu kinaonekana."

"Najua. Lakini sisi tuko ndani. Si tuko ndani?"

Mzee Barasa alisema, "Mko ndani, mama." Akachukua mkasi, akakata kipande cha mwisho, mahali ambapo wangekuwa kama daftari lingesema kweli, akanipa nikiweke kwenye bahasha. Niliandika juu yake kwa mkono wangu: Dorsila na Yunia. Yule mama aliibusu bahasha, akaiweka kifuani ndani ya nguo, akaenda stendi. Nimefanya kazi hii maisha yangu yote na sijawahi kumpa mteja kitu kibaya kuliko kile.

Sehemu iliyobaki Mzee Barasa aliipigilia kwenye msumari kando ya mlango wa chumba cha giza. "Ikae hapa," alisema. "Kila mtu akiingia aione, akumbuke kufunga pazia." Na kila mfanyakazi mpya alipofika alimwonyesha: "Hii niliharibu mimi. Mama mmoja alipoteza dada yake mara mbili kwa sababu yangu." Ninyi mmepokea nusu ya maneno hayo, ile ya kuchekesha.

Tangu siku ile hakuosha filamu peke yake. Aliniomba nisimame naye nimwangalizie pazia. Baadaye akaanza kushika chupa ya dawa akaisoma mara mbili, mara tatu, na kuniuliza kama ni yenyewe. Mwisho akanipa ufunguo. "Shika wewe. Macho yangu siyaamini tena," akasema. Watu wakistaafu huandika jinsi walivyopanda cheo. Mimi nilipanda hivyo. Na yule ndege wangu alitoka kwenye kalenda, mwezi wa nane, na Mzee Barasa aliitundika juu ya kaunta akawaonyesha wateja. Nilimwambia nilimpigia picha Dunga, ufukweni hapa hapa Kisumu.

Alirudi kwao, akaishi miaka kadhaa, akafariki. Nilikwenda kupiga picha za mazishi yake. Nilibeba filamu kumi na mbili ndani ya kopo, nikapiga kila aliyesimama, mpaka majirani wa majirani. Msema chochote alipoita wafanyakazi wa marehemu wasimame kando ya jeneza, alinitaja kwa jina, akasema huyu ndiye marehemu alimlea kama mwanawe. Mtu akanyoosha mkono anishikie kamera. Nilikataa, nikasema haishikiki na mtu asiyeizoea. Sikuweza kusimama pale.

Ningeenda kaburini na hili. Nilikuwa nimeshapanga hivyo. Lakini mwezi wangu wa mwisho wa kazi alikuja yule dada kutoka Usenge, mnamkumbuka, aliyekuja na mtoto mgongoni. Dorsila alikuwa nyanya yake. Alimwekea Akoth bahasha kuukuu kwenye kaunta, yenye mwandiko ambao Akoth hakuutambua kwa sababu siku hizi naandika kwa simu tu.

"Dani, nyanya yangu, alituambia yeye na dadake wako hapa ndani," alisema. "Nimesikia siku hizi kuna mashine zinaweza kutoa."

"Imeungua vibaya, lakini wacha nijaribu," Akoth akamwambia.

Mlijaribu alasiri nzima. Mliipitisha kwenye skana, mkaongeza mwanga, mkapunguza, mkaita na Brayo wa duka la pili na kompyuta yake. Wakati mmoja mtu akasema, "Madam, kuja uone, kuna kitu kama bega!" Nilikuja nikaangalia. Nikasema, "Jaribuni tena." Mwanamke mzima, nywele nyeupe, nikawaambia jaribuni tena. Yule dada aliacha namba yake, na mpaka leo anapiga kuuliza.

Kwa hiyo mambo ya mzigo ni haya, Akoth. Tandika shuka, hata kama wenzako wanakucheka. Kadi na betri zikae mahali pa kopo, juu kabisa, na ziwekwe kabla hujafikiria lenzi ya kuringia. Hesabu makundi, kisha ongeza nusu. Chukua mfuko wa plastiki wa kufunikia kamera, maana ule mchanga wa omena una magamba na yanaingia kila tundu. Kama huna nafasi, acha kitu chako, usiache cha mwenye picha. Na mtu akisimama mbele yako na huna pa kumweka, mwambie.

Skana izime. Hakuna bega. Hakuna mtu ndani ya filamu ile, na hajawahi kuwamo. Ile ya msumarini naomba muiache palepale, lakini mtoe jina la Mzee Barasa. Mtu akisahau betri, mwambieni asifanye ya Pamela, na mcheke mkitaka.

Yule dada msimpigie. Akiwapigia, mwambieni kuna mtu anakuja. Nitaomba nafasi kwenye gari lenu Jumamosi, nami nitashuka Usenge kabla hamjaanza kazi. Mkinisaidia mzigo mtaona ni mwepesi: sitabeba kamera.